Siku nne za Kilwa

Ukiacha bahari niliyoichungulia mara moja kupitia dirisha la daladala, tulipokwenda msibani Dar, maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Mtera. Nimezaliwa Mpwapwa, nafanya kazi Dodoma. Sijui kuogelea, na sioni aibu kusema.

Oktoba hii nimepata siku nne, Ijumaa hadi Jumatatu. Kila ninayemwambia nataka kwenda pwani ananitajia Zanzibar. Mimi nimeng'ang'ania Kilwa. Kosa ni la mwalimu wetu wa historia. Aliichora Kilwa ubaoni kama nukta ndogo, kisha akachora mshale wa dhahabu kutoka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na mingine ya nguo na vyombo kutoka Uajemi, India na China, yote ikigombania ile nukta. Nikabaki najiuliza nukta hiyo ikoje leo, na nani anaishi pale. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1944 sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Hadi leo hakuna ajuaye kwa hakika zilifikaje. Sarafu imefika Australia, mimi nashindwa kufika kutoka Dodoma!

Basi wiki iliyopita nikakaa na daftari. Treni ya SGR ya asubuhi hadi Dar, chini ya saa nne. Kutoka hapo Mbagala Rangi Tatu, basi la kusini, kama kilomita 300: Kibiti, daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru, halafu kushuka Kilwa Masoko. Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori njia hiyo kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003. Husimulia walivyokuwa wakisubiri pantoni pale Ndundu, Rufiji ikifurika, siku zinapita, wanapika ugali chini ya lori. Kwa hiyo nikimlalamikia urefu wa safari ananitazama tu.

Ijumaa yote imeliwa na barabara, Jumatatu vilevile. Zimebaki siku mbili. Nikazipanga vizuri, nikajisifu: Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya kunywa chai taratibu na kukata kibali mjini Masoko, navuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Naona Msikiti Mkuu, naona Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505, nakwenda hadi Husuni Kubwa, jumba la sultani lililokaa juu ya mwamba likitazama bahari, lenye kidimbwi cha pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehesabiwa mjenzi wa jumba hilo. Jumapili saa nne, Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu.

Mtaani kwetu kuna mama anayeuza vitumbua, mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Nilimwamkia, nikamsomea mpango wangu nikitegemea pongezi. Akacheka hadi akaweka upawa chini.

"Mwanangu, mwezi siku hizo utakuwaje?"

Sikuwa na habari. Tukahesabu pamoja: mwezi utakuwa mpevu.

"Basi hilo ni bamvua. Saa nne asubuhi maji yamekupwa yote. Kisiwani utavuka, maana mkondo wa pale una kina. Huko Songo Mnara utashushwa mbali na ufukwe, uvue viatu, utembee matopeni."

Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma saa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kukauka sana, na kwao maji hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, kisha hukupwa karibu na saa nne. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Hapo bahari haijai sana wala haikauki sana, na kujaa kwake huangukia asubuhi, wakati uleule niliouandika mimi. Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini. Upepo nao ni afadhali sasa, alisema, kwa kuwa kusi imechoka na kaskazi bado haijaanza.

Nilirudi nyumbani na kile kifungashio cha vitumbua nikiwa na hasira kidogo. Nilihesabu nauli, kibali, chumba, hata idadi ya kanga za kufunga. Sikuwaza kabisa kwamba bahari ina ratiba yake. Huku kwetu maji yako kisimani au hayapo. Hayaondoki asubuhi yakarudi jioni.

Usiku nilitoka uani kuutazama mwezi. Nusu, unakua. Sikumbuki mara ya mwisho kuutazama kwa sababu nyingine isipokuwa kusubiri Idi.

Leo nimemwandikia bosi kuomba likizo isogezwe wiki moja mbele. Kwenye fomu pana nafasi ya sababu. Nikaandika "maji mafu", nikafuta, nikaandika "shughuli za kifamilia". Amejibu kabla ya saa sita: sawa, ila simu iwe wazi. Mama wa vitumbua ameshaniagiza ng'onda, samaki wa kukausha.