Kumwachisha ziwa kwa bibi

Mwezi wa Machi mama alinipigia simu kutoka Muheza. Hata shikamoo hakuiacha ifike mwisho.

"Huyo mtoto ana mwaka na miezi minane na bado ananing'inia kifuani kwako. Niletee. Mwezi mmoja tu, ziwa atalisahau."

Hakuwa anatania. Mimi mwenyewe niliachishwa hivyo hivyo, na kwetu kisa hicho husimuliwa kila sikukuu. Nilipelekwa Pangani kwa bibi mzaa mama nikiwa na mwaka na nusu. Mama alipokuja kunifuata baada ya miezi miwili, nilijificha nyuma ya kanga ya bibi nikamchungulia kama mtu aliyekuja kudai deni. Watu hucheka hapo. Mama naye hucheka, ila nimemgundua: akifika sehemu hiyo hutafuta cha kufanya. Atainuka aangalie chai, atakunja kanga iliyokwisha kunjwa.

Nilikuwa tayari kukubali. Mimi ni keshia, natoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, narudi giza limeingia. Likizo ya uzazi, zile siku 84, iliisha Babu hajajua hata kukaa (karithi jina la babu yake, ndiyo maana). Tangu hapo mchana ni wa dada wa kazi, usiku ni wangu, na usiku huo ziwa lilikuwa linatakiwa mara tatu, mara nne. Mwezi mzima wa kulala! Nikaanza kuulizia nauli.

Kilichonizuia nilikisoma kwenye simu ndani ya daladala. Kuna mwanasaikolojia aliitwa Mary Ainsworth. Wengi humtaja kwa kazi ya Baltimore, Marekani, kile chumba chenye vitu vya kuchezea ambamo mama hutoka kidogo kisha anarudi, na mtoto anatazamwa atampokeaje. Lakini kabla ya hapo alikuwa kwa jirani zetu, Uganda. Mwaka 1954 alifuatana na mumewe aliyepata kazi Kampala, akawa anatembelea vijiji vya jirani: familia 26, watoto 28. Kila baada ya wiki mbili anarudi na mkalimani, anakaa na mama mwenye nyumba, anaangalia. Na alichokusudia kukichunguza ndicho kilichonifanya nipitilize kituo: mtoto wa Kiganda huwaje anapopelekwa kwa bibi kuachishwa ziwa. Kisa changu! Alipofika akakuta desturi yenyewe imeshaanza kufifia, basi akatazama yaliyokuwepo.

Aliona watoto wanaotambaa mbali kidogo, wanageuka kumtazama mama, wanaendelea na safari. Mama akitoka, wanamfuata. Akirudi, wengine wanampigia makofi. Na hawakuwa na mama peke yake, walikuwa pia na baba, bibi, na ndugu zao wakubwa waliowazoea. Lakini kuna jambo moja lililonikaa kichwani siku nzima. Watoto waliotulia zaidi, wasiolialia, aghalabu walikuwa wa wale mama ambao ukiwauliza habari za mtoto wanakusimulia mpaka vijambo vidogo vidogo.

Jioni ile nikamuuliza dada kama kawaida, "Vipi leo?"

"Uji amekula nusu, ulipopoa akaukataa. Nikaumimina kwenye kikombe cha bluu, akanywa. Paka amemparura kidogo ila hakulia, alikasirika tu. Halafu nikaona anashika sikio, nikajua usingizi."

"Sikio lipi?"

"La kushoto."

Sikuwa najua. Ndiyo maana akianguka anamkimbilia dada, na mimi nipo palepale. Amemganda. Iliniuma, sikatai, kuna wiki nilimnunia binti wa watu bila kosa lolote.

Na dada huyu ni wa pili. Wa kwanza aliondoka Babu akiwa na miezi kumi, tena kwa mtindo wetu wa mjini: alfajiri, begi mkononi, mtoto amelala, eti asije akalia. Alipoamka alitambaa jikoni, akaenda uani, akasukuma mlango atazame nyuma yake. Tukamwambia dada kaenda dukani. Siku nne alikuwa anaurudia ule mlango. Nani alifaidika na ule uongo kama si sisi?

Sasa nimpeleke Muheza, nimkate ziwa, mimi na dada kwa siku moja? Nikampigia mama: "Simleti. Nakuja naye." Nikaomba ruhusa ya siku nane, tukapanda basi watatu.

"Ukoo mzima kuja kuachisha ziwa moja!" mama akatupokea.

Usiku wa kwanza alivunja jani la shubiri akanipaka. Babu akaonja, akakunja uso, akanitazama, kisha akachukua pembe ya kanga yangu akanifuta vizuri, akaendelea kunyonya. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Usiku wa pili akambeba mgongoni kwa mbeleko, akawa anazunguka naye uani, mimi nimekaa barazani anaponiona. Alilia, tena sana. Usiku wa tatu alilia pia, kifupi. Wa nne alilala kwenye mgongo wa bibi, mkono kwenye sikio la kushoto.

Siku ya kuondoka alikuwa anafukuza kuku chini ya michungwa. Hatua tano, anasimama, anageuka kututazama barazani: mimi, dada, bibi. Anaendelea. Hatua tano tena, anageuka.

Mama alikuwa anamtazama muda mrefu. Safari hii hakucheka.

"Wewe nilivyokuchukua Pangani, siku tisa hukutaka nikushike. Nilihesabu."

Kisha akainuka kwenda kuangalia chai.