Siku moja maishani mwangu: tunafungua hifadhi ya mafaili ya kulipia kadri utumiavyo

Saa 11 alfajiri. Simu kwanza, mswaki baadaye. Mafaili ya majaribio yamelala salama kwenye seva zetu hapa Dar. Kila faili lina nakala tatu, kila moja kwenye mashine yake. Mteja analipia moja. Mbili ni mzigo wetu.

Saa 2 asubuhi. Ofisini, tunakagua mita. Wengi hudhani kazi ni kuhifadhi, kumbe programu huria za kuhifadhi zipo tele. Kazi ni kuhesabu. Bei yetu ni shilingi 100 kwa GB kwa mwezi, na mita inasoma kila saa. Ukiweka GB 600 ukazifuta baada ya siku 10, unalipa 20,000, si 60,000.

Saa 4. Tumefungua. Wa kwanza kujisajili ni marafiki na mashemeji, kama kawaida.

Saa 5. Anapiga mpiga picha za harusi. "Kaka, salio likiisha, picha za bibi harusi mnazifuta?" Namwambia ni kama LUKU, ila giza haliingii papo hapo: hupakii mapya, lakini ya zamani yanakaa siku 30 na unaweza kuyashusha. "Hapo sawa." Anaweka 5,000 kwa simu.

Saa 8 mchana. Wali maharage mbele ya skrini.

Saa 9. Ubishi. Mhasibu anataka tutoze pia kushusha mafaili. Ana hoja: Amazon walipozindua S3, hifadhi yao ya mafaili, Machi 2006, kuhifadhi GB moja kwa mwezi kulikuwa senti 15 za dola, kuitoa senti 20. Mimi sikubali mtu aogope kuchukua mali yake mwenyewe. Tunakubaliana: kushusha ni bure hadi kiasi sawa na ulichohifadhi, kinachozidi kinatozwa.

Saa 12 jioni. Malipo mawili yamekatwa kwenye simu za wateja, salio halijapanda. Uthibitisho umechelewa njiani. Tunalinganisha namba za miamala, tunawawekea. Uthibitisho ukija baadaye, mfumo utaitambua namba na hautaongeza mara ya pili.

Saa 3 usiku. Ripoti ya kwanza. Salio walizoweka wateja zinapendeza, lakini kilicholiwa na mita hakifiki nauli ya daladala. Mhasibu ameshaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Hizo bado ni pesa za wateja. Asiguse mtu."