Namba 412 katika Kitabu cha Ubatizo

Julai 2016 nilikaa siku mbili katika ofisi ya parokia moja ya Unyamwezi, mojawapo ya zile zilizoanzishwa na Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, nikimtafuta baba yake babu. Hakuwa mtemi wala katekista. Alikuwa mkulima, na nyumbani zilibaki habari zake tatu tu: jina lake la ubatizo ni Yakobo, aliishi na mke mmoja, na wakati wa Vita vya Kwanza alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi "akapotea miaka minne". Cheti cha kuzaliwa cha mkulima wa enzi ya Mjerumani hakipo. Kitabu cha ubatizo ndicho cheti.

Paroko alinitolea vitabu vinne, vyote kwa Kilatini: Liber Baptizatorum cha ubatizo, Liber Matrimoniorum cha ndoa, Liber Defunctorum cha marehemu, na Status Animarum, ambacho kila familia ina ukurasa wake. Wino wa zamani ulikuwa umeanza kula karatasi, na baadhi ya mistari ilikuwa imebaki matundu. Karatasi kama hiyo hufunuliwa kwa mikono mikavu iliyonawiwa, kitabu kikiwa kimelazwa mezani. Glavu hazifai, kwa sababu vidole havisikii ukingo wa ukurasa na kuuchana ni rahisi. Kalamu ya wino haikaribii meza hiyo, unaandika kwa penseli.

Nilifungua kwanza faharasa iliyo nyuma ya kitabu cha ubatizo nikatafuta jina la ukoo. Halikuwepo, wala halingeweza kuwepo. Faharasa hizi hupangwa kwa jina la ubatizo, tena la Kilatini: Yakobo ni Jacobus, Yohana ni Joannes, Alois ni Aloysius. Kuna waandishi wanaoitia J chini ya I. Ndani ya sentensi nalo hubadilika mwisho: anayebatizwa ni Jacobum, mtoto wa Yakobo ni filius Jacobi. Kati ya 1905 na 1915 nilihesabu akina Jacobus 19, na wawili kati yao walibatizwa siku moja.

Katekista mzee aliyekuwa amekaa mlangoni aliniona ninavyohangaika. "Mjukuu wangu, umeanzia kwa usiyemjua," alisema. "Anza na babu yako. Yeye unamjua alizaliwa lini."

Hilo lilimaliza kazi ya asubuhi nzima kwa dakika kumi. Babu alibatizwa 1921. Kutoka kwenye mstari wake nilikwenda Status Animarum, nikakuta ukurasa wa familia: baba juu, mama chini yake, watoto kwa mfuatano, na kando ya kila jina namba yake ya ubatizo. Kando ya Jacobus iliandikwa 412. Ukiwa na namba, huhitaji tena kubahatisha jina la nani linafanana na la nani.

Mstari wa 412 ni wa tarehe 15 Aprili 1911. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 16, kwa hiyo ni Jumamosi Kuu, siku watu wazima wanapobatizwa kwa makundi. Ndiyo sababu akina Jacobus wawili wanafuatana. Umri umeandikwa annorum circiter 20, yaani miaka kama 20. Baba na mama ni paganorum, hawajabatizwa, lakini majina yao yapo. Jina la baba sikulitambua kwa macho, nililitambua nilipolitamka kwa sauti. Padri mgeni aliandika alichosikia: l ikawa r, ng' ikawa n, na aliyezoea Kifaransa aliweza kuweka ou mahali pa u. Nimelinakili kama lilivyo, bila kulisahihisha, maana anayesahihisha leo anamnyima msomaji wa kesho ushahidi.

Kuna jambo lisiloandikwa pale ambalo tarehe yenyewe inalisema. Kwa Mapadri Weupe, kwa kanuni iliyowekwa na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, mtu mzima alifundishwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Ukitoa minne kutoka 1911 unafika 1907. Hapo ndipo kijana huyu alipoanza kwenda misheni.

Pambizo lilinipa zaidi ya mstari wenyewe. Amri ya Papa iitwayo Ne Temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, iliagiza kila ndoa iandikwe pia kando ya jina la mhusika katika kitabu cha ubatizo. Kwa hiyo pale pambizoni kuna maneno mafupi kwa mwandiko mwingine: Matrim. die 6 Maii 1913, yaani ndoa, 6 Mei 1913. Kutoka hapo kitabu cha ndoa hufunguliwa moja kwa moja kwenye ukurasa wake, na mashahidi wawili wapo kwa majina. Mmoja wao alikuwa msimamizi wake wa ubatizo.

Nilirudi kwenye ukurasa wa familia kuhesabu watoto. Wa kwanza 1914, wa pili Januari 1916, kisha babu 1921. Pengo la miaka mitano. Hapo mtafutaji hushawishika kusema, "Hii hapa ile vita yetu." Sikukubali, kwa sababu Status Animarum nyingi huandikwa upya kitabu kikichakaa, na watoto waliokufa wachanga huachwa. Mchana wote nikausoma Liber Defunctorum mstari kwa mstari, kuanzia 1916.

Nilimkuta. Maria, filia Jacobi, siku saba, alibatizwa na katekista nyumbani in periculo mortis, katika hatari ya kufa, akafa kesho yake. Tarehe ilisomeka 12 9bris 1918, nami nikaandika Septemba. Ni kosa. Waandishi wa Kilatini walifupisha miezi kwa namba za Kilatini zilizo ndani ya majina yake (septem ni saba): 7bris ni Septemba, 8bris Oktoba, 9bris Novemba, 10bris au Xbris Desemba. Niligundua nilipoona mstari wa juu yake ni wa 30 8bris, na kitabu hakirudi nyuma.

Miezi hiyo miwili ina uzito. Mtoto aliyezaliwa mapema Novemba 1918 maana yake ni kwamba baba yake alikuwa nyumbani karibu na Februari ya mwaka huo. Aliyezaliwa Januari 1916 anamweka nyumbani Aprili 1915. Basi miaka minne haiwezekani: kati ya miezi hiyo miwili haifiki hata mitatu. Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916, na jeshi hilohilo likaingia Mahenge Oktoba 1917. Mpagazi aliyechukuliwa baada ya Tabora na kuachiwa baada ya Mahenge angeweza kuwa amerudi kwake kufikia Februari. Vitabu havisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Vinairuhusu habari hiyo na kuikataa ile ya miaka minne. Nadhani nyumbani walihesabu urefu wa vita badala ya urefu wa safari yake.

Kifo chake mwenyewe kimeandikwa 1943, annorum circiter 60. Ukifuata ubatizo angekuwa na miaka 52. Hakuna aliyedanganya. Umri wa kukadiria huangukia 20, 40, 60, na kadiri mtu anavyozeeka ndivyo anavyoongezewa. Katika mti wa ukoo nimeandika "kati ya 1883 na 1891", nikaviacha vyanzo vyote viwili vionekane.

Kabla ya kurudisha vitabu niliomba ruhusa ya kupiga picha bila mwako: kwanza jalada, kisha ukurasa mzima, mwisho mstari wenyewe, ili picha isije ikapotea asili yake. Ya mwisho ilikuwa ya Maria. Katika ukurasa wa familia hayupo, na nyumbani hakuna aliyewahi kumtaja. Nilimwandika kati ya mtoto wa pili na babu, kwa penseli, na kando yake ukurasa na namba ya mstari.