Ruthu Aliketi, Akala, Akashiba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii liko Ruthu sura ya 2 na ya 3, na ninawaomba jambo moja kabla hamjafungua: msikimbilie harusi.

Ndivyo tulivyozoea. Kitabu chenyewe kina sura 4 tu, kwa hiyo mtu akikishika anataka afike upesi pale Boazi anapomwoa Ruthu, Obedi anazaliwa, ukoo unafika kwa mfalme Daudi, Amina. Mabinti wameombewa kumpata "Boazi wao" mpaka jina la mzee wa watu limekuwa kama cheo. Sina ugomvi na maombi hayo. Ila kati ya msiba na harusi upo msimu mzima wa mavuno, shayiri kwanza kisha ngano, na ndani yake Mungu aliwapa wajane wawili, Ruthu na mama mkwe wake Naomi, mambo madogo madogo ambayo sisi tunayaruka.

Chukueni mchana wa siku ya kwanza. Ruthu ni mgeni Bethlehemu, Mmoabu, hana mume wala shamba. Ametoka kuokota masuke nyuma ya wavunaji, haki ya maskini ambayo Torati iliilinda: mwenye shamba alikatazwa kuvuna hadi pembezoni, wala asirudi kuzoa yaliyodondoka (Walawi 19:9-10). Kwa bahati yake akaangukia kwenye sehemu ya Boazi. Msimamizi anatoa taarifa kwamba huyu binti yupo tangu asubuhi, amepumzika kidogo tu. Kisha saa ya chakula inafika. Boazi anamwita asogee, ale mkate pamoja na watu wa shambani, achovye tonge lake kwenye siki. Anampa na nafaka za kukaanga. Naye anakula, anashiba, na kingine kinabaki (2:14).

Mstari huo mmoja unanishika kuliko sura yote ya 4. Mtu anayeishi kwa kuokota ana kila sababu ya kutokaa. Kila dakika anayoketi, kuna masuke anayaacha chini, na masuke hayo ndiyo chakula cha jioni. Hajui hata kwamba huyu anayempa chakula ni ndugu wa marehemu baba mkwe wake. Angeweza kushukuru kwa haraka, akamega kipande, akarudi kuinama. Sisi tungefanya hivyo. Wengine wetu hatukumbuki jana mchana tulikula nini, maana tulikula simu ikiwa mkono wa pili. Ruthu aliketi, akala mpaka akashiba, ndipo akainuka kuendelea na kazi.

Jioni akapura alichookota, ikapatikana kama efa moja ya shayiri. Kwa vipimo vyetu wekeni debe hivi. Akaibeba hadi mjini, na baada ya mama mkwe kuiona shayiri, akatoa na kile kiporo cha mchana akampa. Sasa mtazameni Naomi. Huyu ndiye aliyeingia mjini akiwaambia wanawake wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda mambo machungu sana. Hakuna lililobadilika kubwa: mume bado yuko kaburini Moabu pamoja na wana wake wawili, na ndani ya nyumba wamo wanawake wawili wasio na mtetezi. Kilichoongezeka ni debe la shayiri na chakula kilichobaki. Lakini kinywa kile kile sasa kinambariki Boazi na kusema Bwana hakuacha wema wake kwa walio hai na kwa waliokufa (2:20). Mimi naona uponyaji wa Naomi ulianzia hapo, miezi mingi kabla hajampakata Obedi.

Niseme na hili, hata kama litawakera baadhi yetu. Ruthu alipumzika kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye amri aliyemruhusu. Boazi aliwaonya vijana wasimguse, akamwambia akiona kiu anywe maji waliyoteka wao. Na amri ya Sabato inasema wazi kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe (Kumbukumbu la Torati 5:14). Tunaposhuhudia Jumapili jinsi Bwana anavyotupa pumziko, dada wa kazi yuko wapi? Kama yuko jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri, na jana ilikuwa hivyo, na wiki nzima ijayo itakuwa hivyo, basi tafakari hii tuianzie nyumbani. Mpe siku yake, na mshahara wake usiguswe.

Tumalizie sura ya 3. Ruthu amekwenda usiku kwenye uwanja wa kupuria, amemwambia Boazi haja yake, kwamba amwoe kwa kuwa ni ndugu wa marehemu, na amerudi kabla watu hawajatambuana, amebeba vipimo sita vya shayiri kwenye shuka lake. Lililobaki liko mikononi mwa Boazi, na yupo ndugu mwingine aliye karibu zaidi, mwenye haki ya kwanza, ambaye akitaka anaweza kuharibu kila kitu. Naomi anamwambia: mwanangu, tulia hapa mpaka ujue jambo litakavyokwenda, maana mtu huyu hatapumzika leo asipolimaliza (3:18).

Uvumilivu wa namna hii una mahali pake. Naomi hakumwambia atulie wakati hawana unga. Wakati ule Ruthu alienda shambani. Anaambiwa atulie baada ya kufanya sehemu yake yote. Aliyepeleka maombi ya kazi, aliyesubiri majibu ya hospitali, mwenye kesi ya kiwanja, anaujua ugumu wa saa hizo: unatamani upige simu tena, uende tena, umtume mtu akaulizie. Ruthu alibaki nyumbani na mama mkwe.

Na sura ya 4 ikifunguka, Boazi ameshaketi langoni, amemwita yule ndugu wa karibu, amekusanya wazee 10 wa mji. Wanajadili shamba, wanajadili jina la marehemu, wanajadili maisha ya Ruthu. Ruthu mwenyewe hayumo kwenye kikao.