Siku moja na viungo vyangu vya pilau

Saa 11 alfajiri. Ninauza viungo vya pilau vilivyosagwa, kwenye vifuko, na Alhamisi ndiyo siku yangu nzito, maana kesho ni Ijumaa na nyumba nyingi huku kwetu Mbagala, Dar es Salaam, zitapika pilau. Nikishaswali nawasha jiko la mkaa, nabandika kikaango, naanza na binzari nyembamba, ile ambayo wifi zangu wa Zanzibar wanaiita uzile. Binzari haitaki moto mkali wala mkono mvivu. Unaigeuza taratibu huku unasikiliza: inatatarika kidogo kidogo, rangi inaiva kuwa kahawia, harufu inapanda mpaka puani. Hapo hapo uimwage kwenye sinia. Ukiiacha kikaangoni, hata kama umeepua, chuma kilichoshika moto kinaendelea kuikaanga, na binzari iliyopitiliza inakuwa chungu. Karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga mimi navipasha joto tu, sivikaangi.

Saa 1 asubuhi niko mashineni. Mashine za mahindi hazipokei viungo, kwa sababu harufu inabaki kwenye chekeche na mteja anayefuata anakula ugali unaonukia karafuu. Kuna mzee mmoja ana mashine ndogo ya viungo peke yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mama Viungo. Jana kuna binti kaulizia ile harufu yako, nikampa namba."

Sijawahi kumwomba mzee anitangazie. Ila kila nikisaga namwachia kifuko kimoja cha mkewe nyumbani, na mkewe ndiye aliyemshawishi kwa sahani.

Saa 3 napita kwa mama ntilie wawili, nawapa mzigo wao, naendelea. Hapa niseme jambo ambalo wenzangu wa biashara ndogo tunalikosea sana. Mwaka wa kwanza nilikuwa kila asubuhi narusha picha za vifuko kwenye makundi yote ya WhatsApp niliyomo: la ukoo, la shule ya msingi, hata la kamati ya harusi ambayo harusi yenyewe ilishapita. Siku moja wifi yangu akaniambia kwa upole, "Wifi, siku hizi nikiona simu yako nasita kupokea, najua unataka kuniuzia viungo." Iliniuma, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimegeuza ndugu kuwa soko. Tangu hapo simwanzishii mtu mazungumzo kwa bidhaa. Namjulia hali, namsikiliza, na kama habari ya chakula haikuja, basi leo haikuja.

Saa 5 saluni, nasukwa. Habari ikaja yenyewe. Dada wa kiti cha pili ana ubarikio wa mwanawe Jumapili ijayo, anahofia pilau ya mwaka jana iliyotoka nyeupe kama wali. Msusi akanigonga begani: "Si huyu hapa mwenye viungo!"

Sikutoa bei. Nilimuuliza mchele gani, akasema wa Mbeya. Nyama ya ng'ombe au kuku? Wageni wangapi? Na vitunguu huwa anavikaanga mpaka vifike wapi? Akasema mpaka vilainike. Nikamwambia, dada yangu, rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu kabla haijatoka kwenye kiungo chochote. Kiache kiive kiwe kahawia, kisiungue, ndipo utie tangawizi na kitunguu saumu. Hilo angeweza kulifanya bila kununua chochote kwangu. Nikampa kifuko kidogo: "Pika kilo moja leo, vijiko viwili vya chakula, halafu niambie kilichopungua." Hicho ndicho ninachoomba kwa rafiki siku zote, aniambie kilichopungua. Ukimwomba akusifie atakusifu, na hatarudi.

Saa 8 mchana jirani kanipigia, sauti ya chini: "Shoga, usinielewe vibaya. Mama mkwe kasema pilau chungu."

Nilikwenda saa hiyo hiyo. Nikaonja wali, nikalamba unga wenyewe. Uchungu upo, unabaki nyuma ya ulimi. Ni binzari ya Jumanne, siku niliyokaanga huku naongea na simu. Nikamwamkia mama mkwe, nikamwomba radhi yeye mwenyewe, nikawapa kifuko cha leo na pesa yao.

Ninalo daftari lenye safu tatu: nani kanunua, lini, na kaambiwa na nani. Vifuko vya Jumanne vilikuwa kumi na moja. Saba nilivifuata nyumba kwa nyumba kwa miguu, vinne nikapiga simu na kurudisha pesa kwa simu. Wawili walikuwa hawajafungua hata. Mmoja akasema alidhani kaunguza mwenyewe. Jua lilikuwa kali na mchana wote uliisha, lakini ile safu ya tatu ndiyo iliyonisukuma: watano kati yao walitumwa kwangu na yule jirani. Jina lake nalo lilikuwa ndani ya vile vifuko.

Saa 11 jioni kicoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Hisa, marejesho, kisha mengineyo. Mwenzetu mmoja ana duka, anataka niweke mzigo wangu rafuni kwake. Nikamwambia asubiri nipate alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Anayekujua anakuamini wewe. Wa dukani hakujui, ana haki ya kuona alama. Fomu ninazo, natafuta chumba cha kusindikia kisichokuwa jiko langu.

Kurudi nikapitia msibani mtaa wa pili. Nilimenya vitunguu saumu na wenzangu mpaka magharibi. Mama mmoja akaninong'oneza bei, nikamwambia tutaongea siku nyingine.

Saa 3 usiku nimeketi na daftari, simu ikaita. Ni dada wa saluni. Kilo moja imeiva, watoto wamekomba sufuria, ila karafuu zimemzidi mumewe kidogo. Anataka viungo vya kilo kumi na tano, karafuu zipungue. Nimetoa mzani, napunguza karafuu.