Mwashi wa Kuopio

Kiangazi cha mwaka 2008, nikiwa mwanafunzi mjini Helsinki, mzee aliyenipangisha chumba alinipeleka kuuona Uwanja wa Olimpiki. Nje ya uwanja nilisimama mbele ya sanamu ya Paavo Nurmi, mkimbiaji wa Ufini, nikaanza kuhesabu medali zake tisa za dhahabu za Olimpiki, nikidhani namfurahisha mwenyeji wangu. Aliniacha nimalize, kisha akaniambia kwamba mtu aliyekuja kunionyesha yuko juu kwenye mnara wa uwanja.

Tulipanda kwa lifti, kwa kuwa magoti yake hayakuzitaka tena ngazi. Huko juu, upepo ukitupiga, alinisimulia habari za Hannes Kolehmainen, mzaliwa wa Kuopio, ambaye katika Olimpiki ya mwaka 1912 huko Stockholm alishinda mita 10,000, mita 5,000 na mbio za nyika. Ile ya mita 5,000 aliisimulia kana kwamba bado inakimbiwa: Kolehmainen na Mfaransa Jean Bouin wamewaacha wenzao mbali, Kolehmainen anajaribu kupita na kushindwa, anajaribu tena, hadi karibu kabisa na utepe anapotangulia kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa dakika 14 na sekunde 36.6. Lakini bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Urusi, maana Ufini ilikuwa ingali chini ya utawala wake, na mzee wangu, ambaye siku hiyo hata hakuwa amezaliwa, alilisema hilo kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa jana.

Baadaye Kolehmainen alihamia Marekani, akafanya kazi ya uashi. Hapo mzee alinifungulia viganja vyake vilivyokomaa. Naye alikuwa mwashi mstaafu, na nadhani hiyo ndiyo sababu hasa ya kunipandisha kule. Mwaka 1920, Ufini ikiwa huru, mwashi yule alishinda mbio za marathoni za Olimpiki ya Antwerp.

Tarehe 19 Julai 1952, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya Helsinki, mzee alikuwa mtoto wa miaka tisa, amelowa mvua jukwaani pamoja na baba yake. Nurmi aliingia na mwenge, akawasha moto chini uwanjani, watu wakapiga kelele. Kisha moto ukapelekwa mnarani, alikosubiri Kolehmainen mwenye umri wa miaka 62. Mtoto alikuwa bado anamtazama Nurmi, ikabidi baba amshike kidevu na kumwinua uso.

Nilimuuliza walikaa wapi. Aliegemea ukuta, akaanza kuhesabu safu za viti kwa kidole, akapotea katikati, akaanza upya.