Minecraft Legends: kuvunja ngome ya piglin bila kumaliza jeshi

Kwa wanaocheza Minecraft Legends, gemu ya kuongoza jeshi dhidi ya piglin (maadui wenye sura ya nguruwe), kwenye vibanda vya gemu Kondele na Nyalenda, Kisumu, jueni mapema: skrini haigawanyiki. Wawili mkishika padi kwenye mashine moja hamwezi kucheza pamoja. Ushirikiano ni wa intaneti tu, hadi wachezaji wanne kwenye sehemu ya hadithi. Gemu ilitoka Aprili 2023, kazi ya Mojang na Blackbird Interactive ya Kanada.

Kinachowashinda wengi ni kulipeleka jeshi zima lango la mbele. Golemu (askari unaowaunda mwenyewe) wa mawe kazi yake ni kubomoa majengo, kwa hiyo ukimrusha katikati ya piglin anapigwa huku akigonga ukuta. Tanguliza golemu wa mbao, hao hupiga wakiwa mbali na kusafisha uwanja. Mnara unaokutupia moto ukionekana, hapo ndipo mawe waingie. Chukua golemu wawili watatu wa kijani pia. Humwaga maji yanayowatibu wenzao, na wachezaji wengi huwaacha nyumbani. Hilo ni kosa kubwa.

Vizalishi vya golemu (majengo yanayowatoa) viweke kwenye nyasi safi karibu na ngome, ili uliowapoteza uwarudishe haraka. Kabla ya kusogea, inua bendera uwakusanye. Usipofanya hivyo wanabaki pale pale ulipowaacha, nawe unafika langoni na farasi wako tu.

Usiku piglin hushambulia vijiji. Tazama ramani jioni; kijiji kilicholengwa kizungushie ukuta na minara ya mishale kwanza.